Mbwa Ninayesema Yuko Italia

Shangazi Attracta,

Nimesoma ukurasa wako gazetini kila Alhamisi kwa miaka mingi, mara nyingine nikiwacheka wanaokuandikia, na leo mimi ndiye nimeshika kalamu. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanitukana, ingawa najua utanitukana.

Nina miaka hamsini na sita, naishi nje kidogo ya mji wa Nenagh na mke wangu, ambaye hapa nitamwita Noreen, na binti yetu wa pekee, nitamwita Orlaith, mwenye miaka kumi na tisa. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilifuga na kufundisha mbwa wa mbio kama baba yangu na babu yangu, nyuma ya nyumba kulikuwa na vibanda kumi na viwili, na watu wa hapa walinijua kwa mbwa kuliko kwa jina langu. Orlaith alipokuwa na miaka kumi na mmoja, jike mmoja alikufa akizaa akaacha mtoto mmoja tu aliye hai, binti yangu akamlea kwa chupa pembeni ya jiko, kila saa mbili, akamwita Dilly, na Dilly alipokua akawa na mbio ambazo sikuwa nimeziona bandani kwangu kwa miaka mingi. Alishinda mara nne. Akiwa na miaka mitatu akagongwa na mwenzake mbioni, kwenye kona ya kwanza, mguu wa nyuma ukavunjika kwenye kifundo.

Daktari wa mifugo alisema akiwekewa chuma na kupumzishwa miezi kadhaa atatembea vizuri, ila kukimbia ndiyo basi. Mimi nilikuwa na wengine kumi na mmoja wa kulisha, na kwetu wakati ule mbwa asiyekimbia alikuwa kama gari lililokufa injini, hakuna aliyemuuliza mwenzake amelipeleka wapi. Kulikuwa na bwana mmoja upande wa milimani aliyekuwa akiwamaliza, sote tulimjua. Asubuhi moja Orlaith akiwa shuleni nilimbeba Dilly nikamweka garini nikaenda.

Yule bwana alinipeleka nyuma ya banda la mabati akaniuliza, "Unakaa au unaondoka?" Nikasema nakaa, nikidhani huo ndio uanaume. Nikashika kamba. Shangazi, sijui kama umewahi kukaa na mbwa hawa, wakikuamini wanakuegemea, wanakuwekea uzito wote mguuni mpaka inabidi ujikaze usianguke, na Dilly kwa mguu wake ule uliofungwa bendeji aliniegemea. Yule bwana akasema, "Vizuri, mshikilie hivyo hivyo." Dilly alipokwisha kufa akamkata masikio yote mawili, kwa sababu mbwa wa mbio wana chapa ndani ya sikio na chapa ile inafuatwa mpaka kwa mwenyewe. Nilisimama pale nikatazama. Kisha nikapitia dukani nikanunua mkate nikarudi nyumbani.

Orlaith alipotoka shule alikwenda bandani moja kwa moja, akarudi jikoni.

"Baba, Dilly yuko wapi?"

"Amepata familia. Wako Italia."

"Italia? Bila hata kuniaga?"

"Gari lilikuwa linaondoka asubuhi, mwanangu. Nafasi ilibaki moja tu."

Alilia sana, halafu akafuta uso akauliza, "Wana bustani?"

Nikamwambia wana bustani kubwa.

Ningeishia hapo labda ningesahau, lakini wiki zilipita Orlaith haachi kuuliza, hali chakula vizuri, kwa hiyo nikaenda maktaba nikachapa barua kwenye kompyuta yao, nikijifanya mama wa familia ya Kiitalia inayokaa Cremona, nikaandika kwamba mguu umepona, kwamba Dilly analala kwenye kochi na anaogopa mashine ya kufulia. Nikasema barua imekuja kwa mkono wa wakala anayesafirisha mbwa. Orlaith aliisoma mezani kwa sauti. Krismasi iliyofuata nikaandika ya pili, na Krismasi ya baada yake ya tatu. Ya tatu nilisema Dilly amezoea bahari, wanakompeleka kila likizo.

Shangazi, barua zile ndizo zilizomfanya binti yangu awe alivyo leo. Alipofika miaka kumi na sita alijiunga na chama cha kuwaokoa mbwa waliostaafu mbio na kuwatafutia nyumba, akasema kama Dilly amepata watu basi na hawa wengine watapata. Leo yeye ndiye anayekagua nyumba za wanaoomba mbwa, ameshawapatia makazi mbwa zaidi ya arobaini, na yule wa kwanza aliyemleta kwetu hakuondoka tena. Huyo anaitwa Moss. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshafunga vibanda, nikiwaambia watu ni mgongo. Moss alikuja na miaka minne na hakuwa amewahi kuona ngazi ndani ya nyumba, alikaa chini ya ngazi siku tatu akilia, alikuwa anagonga pua kwenye kioo cha dirisha kwa sababu hakujua kioo ni nini, na Orlaith alimfundisha kupanda kwa kumnyanyua mguu mmoja baada ya mwingine. Rafiki yangu Dinny, tuliyekuwa naye uwanjani, akinikuta barabarani ninamtembeza Moss na koti lake la baridi hunitania, "Siku hizi unawavalisha pajama, bwana? Kesho utawasomea hadithi." Nacheka naye. Halafu tukisimama, Moss ananiegemea, nami hushindwa kuongea.

Sasa sikiliza kilichonifikisha hapa. Ijumaa ya wiki ijayo gari la chama linapeleka mbwa kumi na wanne Italia, na Orlaith anakwenda nalo. Anataka kumwona Dilly. Aliniomba anwani, nikasema nitaitafuta. Yeye hakungoja, alikuwa ameziandika chapa za masikio ya Dilly kwenye daftari tangu utotoni, akamtumia mama mmoja anayewapokea mbwa kule, na jibu limekuja juzi.

"Wanasema hayupo kwenye orodha yao yoyote," aliniambia. Tulikuwa tunakunywa chai. "Baba, inawezekana alipotea njiani?"

"Makaratasi hupotea, mwanangu."

"Lakini wale watu waliandika. Barua tatu."

"Basi hajapotea."

Akasema, "Nikifika Cremona nitauliza mlango kwa mlango. Mbwa kama yule watu hawamsahau."

Nimeshaandika barua ya nne. Ninayo mfukoni. Inasema Dilly alikufa mwezi wa pili, usingizini, bila maumivu, na familia imehamia mbali kwa sababu ya kazi. Nikiitoa leo binti yangu atalia wiki mbili na mambo yataisha, ataendelea na kazi yake nzuri, na hakuna atakayeumia zaidi. Nikisema ukweli nitampoteza, na pengine nitaiua na ile imani inayowapa mbwa hawa nyumba. Yule bwana wa milimani bado yupo, nilimwona mwezi uliopita nje ya uwanja wa majaribio ya mbio akipakia mbwa wawili kwenye gari lake, sikumsalimia. Mimi sikumbuki mara ya mwisho nilipokula nikasikia ladha. Je, kuna ubaya gani mkubwa nikiitoa hii barua ya mwisho kisha nikanyamaza milele?

Naomba usichapishe jina langu.

*

Baba wa Nenagh,

Usiitoe. Na usiichome pia. Utampa binti yako pamoja na ukweli, aisome, aone ulikuwa tayari kufika wapi.

Nimekuonea huruma, siyo sana lakini ipo. Mtu asiye na moyo hashindwi kuongea kwa sababu mbwa amemwegemea. Ulifundishwa vibaya na watu uliowapenda, ukafanya walichofanya, na kwa miaka mitano umekuwa ukioza ndani kimyakimya huku ukimkatia mkate mtoto wako. Hilo naliona.

Lakini usinidanganye na mimi. Unasema unamlinda Orlaith. Msichana huyo amenyanyua miguu ya mbwa ngazi kwa ngazi, unadhani hawezi kubeba ukweli? Unajilinda wewe. Unataka aendelee kukutazama kama baba aliyempatia Dilly bustani. Na hiyo imani unayoogopa kuiua haikutoka kwako. Mbwa zaidi ya arobaini wamepata nyumba kwa mikono yake, nyumba zenye milango na watu, na hizo hazitabomoka ukifungua mdomo.

Sasa nije kwenye lililonikera zaidi. Umeniandikia kurasa sita, na yule bwana wa milimani wa leo umempa mstari mmoja, katikati, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwezi uliopita, mbwa wawili. Ulijua wanapelekwa wapi na ukaona jambo la kufanya ni kutomsalimia. Baba, hao wawili walikuwa hai ulipowaona. Dilly huwezi tena kumsaidia.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kesho asubuhi nenda kituo cha polisi, siyo kwa simu, nenda mwenyewe, utoe jina lake, mahali, banda, na ulichofanya wewe. Ndiyo, pamoja na ulichofanya wewe. Huenda wakakushtaki. Nenda hata hivyo.

Kabla ya Ijumaa, mchana, mkalishe Orlaith na mama yake pamoja. Sema "nilimpeleka akauawe," usiseme "alikufa." Usimweleze zamani mambo yalikuwaje, anajua kuliko wewe. Usilie ili akubembeleze. Atakachouliza jibu, asichouliza nyamaza, na usimwombe msamaha siku hiyo, maana utakuwa unamwongezea kazi. Akitoka nje, usimfuate. Akitaka kwenda Italia na wale kumi na wanne, aende, wanamhitaji.

Shangazi Attracta

*

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimpelekea kwa posta siku ileile, kwa kuwa gari halingengoja Alhamisi yetu. Wiki tano baadaye aliniandikia tena na kuniruhusu kuchapisha yote. Nanukuu sehemu.

"Niliwaambia siku ya Jumatano, mezani. Orlaith aliuliza jambo moja tu: 'Alikuwa anaogopa?' Nikajibu hapana, alikuwa ameniegemea. Akasema, 'Afadhali angeogopa.' Akaondoka mezani. Noreen akaniambia alijua barua ni zangu tangu ile ya kwanza, ila alidhani nimemgawa Dilly kwa mtu fulani wa Cork na naona aibu kusema. Kisha akaniwekea chai kama kila siku.

"Polisi walikwenda kwa yule bwana. Nyuma ya banda walichimba. Afisa alinichukua nikawaonyeshe pale, akaniuliza kama ninaweza kumtambua wangu. Nikasema nitamjua kwa mguu uliovunjika. Nilitazama. Iliyovunjika ilikuwa mingi. Bandani walikuta mbwa watatu hai, wamefungwa.

"Orlaith alikwenda Italia akarudi, sasa anakaa kwa shangazi yake Limerick. Alipita nyumbani mara moja, na mwenzake wa chama, kumchukua Moss. Alisema kanuni za ukaguzi ameziandika yeye, na nyumba yetu haipiti. Sikubisha. Nasubiri tarehe ya mahakama."

Nilimjibu kwa ufupi, na nawapa hapa alichopata. Siku ya mahakama vaa suti, nenda, jibu maswali yote, usimwachie wakili akutafutie sababu. Usimdai Moss. Usimpigie Orlaith simu, mwandikie mara moja tu kumjulisha kwamba wale watatu walikutwa hai, kisha mwachie. Mke wako bado anakuwekea chai, usidhani huo ni msamaha. Ni chai. Inywe, osha kikombe, na umsikilize siku atakapokuwa tayari kusema.

Na wewe unayesoma hii ukiwa na vibanda nyuma ya nyumba, na ndani yake yupo mmoja anayechechemea ambaye wiki hii umekuwa ukiepuka macho yake. Chama cha kina Orlaith kinapokea mbwa Jumatatu mpaka Jumamosi, tangu saa tatu asubuhi. Hawakuulizi jina. Mpeleke angali hai.