Chale za Gaspari

Ifakara, Jumamosi baada ya Pasaka, 1999.

Mvua iliacha alfajiri. Jua likawa linatoka, linarudi ndani, linatoka tena, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Moyo wangu nao uko hivyohivyo leo.

Mama mkwe wangu anapoteza macho. Ni presha ya macho, na daktari alishatuambia kwamba kinachoondoka hakirudi. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto anaona kama anachungulia kwenye tundu la ukuta. Kwaresima nzima ameomba jambo moja tu: amwone Gaspari mara moja kabla giza halijaingia lote. Gaspari ni mwanawe. Ni marehemu mume wangu.

Na mimi sikuwa na picha ya kumpa.

Ilikuwepo moja. Masika ya mwaka jana iliganda kwenye kioo cha fremu, na nilipoibandua, uso ukabaki kwenye kioo vipande vipande. Nikabaki na ukanda wa filamu tu, ule ambao mpiga picha alitupa pamoja na picha yenyewe. Niliufukia kwenye kopo la mchele. Chumvi tunaitia punje za mchele isilowe, nikaona na Gaspari atapona hivyohivyo.

Juzi wifi yangu Skolastika, mdogo wake Gaspari, alishuka na treni kutoka Dar akiwa na kompyuta kuukuu na skana, vitu ambavyo ofisini kwao walikuwa wanavigawa. Skana ni mashine bapa yenye kioo juu. Unalaza picha kifudifudi, taa inapita chini yake, na picha inatokea kwenye kompyuta. Nilimtania kwamba wenzake wakija likizo huleta sukari, yeye kaleta kioo. Akanijibu kwamba sukari ningeimaliza, na shukrani ningeimaliza pia.

Leo asubuhi tukaanza. Mara ya kwanza tulifunika kifuniko, ukatokea ukanda mweusi tititi. Skolastika akasema filamu inataka mwanga utokee juu. Taa ya mezani hatuna. Tukasogeza meza mpaka dirishani, tukaacha kifuniko wazi, tukatandika karatasi nyeupe juu ya filamu, tukalingoja jua. Lilipotoka tukabonyeza. Taa ikatambaa taratibu, nami nikasali kimoyomoyo wingu lisipite.

Gaspari akatokea kama mzimu, uso mweupe na meno meusi. Wifi akageuza rangi, na yule pale, mume wangu, anacheka na shati lake la Krismasi, mkubwa kuliko sahani.

Niliketi.

Uso ulikuwa na madoadoa tele. Kumbe ule mchele wangu ulikuwa na vumbi la pumba, likang'ang'ania filamu. Skolastika akaanza kuyafuta kwa kompyuta, moja moja, kama mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Akafika pembeni mwa macho, kwenye zile chale zake, mbili huku na mbili huku. Akaniuliza, "Na hizi, wifi?"

Nikamwambia futa.

Niandike ukweli, maana humu nasoma mwenyewe na Mungu. Zile chale sikuzipenda. Kwenye mafundisho ya ndoa tuliambiwa ni mambo ya waganga, tuyaache. Picha nilitaka tuichapishe, niitundike karibu na msalaba, na sikutaka wanajumuiya waje kusali rozari wakitazamana na chale. Skolastika alinitazama kidogo. Kisha akafuta, akahifadhi.

Tukamleta Mama. Nilimshika mkono, nikamketisha. Yeye hawezi kuona uso wote kwa mara moja, kwa hiyo alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kompyuta, akaanza kupita kipande kwa kipande. Kidevu. Mdomo. Akatabasamu. Akapanda hadi jicho la kushoto, akaenda la kulia, akarudi, akaenda tena. Tabasamu likaondoka.

"Huyu kafanana na mwanangu," alisema. "Chale zangu ziko wapi?"

Skolastika alikuwa anatazama kucha zake.

Basi Mama akasimulia, hata hakutuuliza tulichofanya. Walikuwa shambani ng'ambo ya mto, masika kama haya, maji yamejaa, hakuna mtumbwi unaovuka. Gaspari anatambaa tu. Degedege ikamshika, macho yamegeuka. Bibi mmoja wa shamba la jirani akampa Mama wembe na dawa, akamwambia mama mzazi ndiye akate. Hapo Mama akanigeukia.

"Nilikuwa nasali Salamu Maria, mama Neema, huku nakata. Mkono unatetemeka. Ndiyo maana moja imepinda. Wewe ulidhani nilikuwa namwita nani?"

Nilikosa pa kuweka uso wangu.

Nikamwomba Skolastika azirudishe. Akasema haziwezi kurudi, kahifadhi juu ya ile ya kwanza, tuanze upya. Na nje wingu lilikuwa limeshakaa, jeusi, upande wa milima ya Udzungwa. Tukalaza filamu, tukatandika karatasi, tukangoja. Mama aliketi kwenye kiti, mikono mapajani. Nilimwambia Mungu, sikuombi jua la kuanika mpunga, naomba la kupitisha taa hii tu.

Likatoka. Tukabonyeza. Mwishoni wingu likawahi, mstari wa kivuli ukakata shati. Uso ulipona.

Skolastika akaniuliza kama afute walau vumbi la pumba. Mama akawahi kujibu: "Mwacheni nalo. Alikuwa mkulima."

Tukacheka wote watatu, na kucheka kukageuka kuwa kile kingine.

Kisha Mama akasogea tena. Kidevu, mdomo, pua, jicho. Akasimama hapo. Akanyoosha kidole, akakiweka kwenye ile chale iliyopinda, akaacha kidole hapo muda mrefu. "Shikamoo, Mama," akasema polepole, kwa sauti ya Gaspari, jinsi alivyokuwa akimwamkia akitoka shamba. Akajiitikia mwenyewe: "Marahaba, baba."

Sasa mvua imerudi na wao wamelala mchana. Nimefungua misale nisome injili ya kesho. Ni ile ya Tomaso, aliyetaka kugusa alama za misumari ndipo aamini kwamba Bwana kafufuka. Nimeisoma miaka yote, na sijawahi kujiuliza kwa nini Bwana, katika mwili wake mpya, hakuyafuta makovu.

Picha nitaitundika karibu na msalaba, pamoja na pumba na chale zake. Wanajumuiya wakiuliza, je, nitaweza kuwaeleza bila kulia?