Ng'ombe Aliyekufa Mara Tatu

Shamba la Bwana Kifaru,
Subukia,
kupitia Posta ya Nakuru.
6 Septemba, 1958.

Mpendwa mdogo wangu Jeruto,

Nakusalimu sana. Hujambo? Jicho je? Na miguu, bado inavimba? Shemeji Dualeh naye, bado anakoroma kama injini za reli alizozitumikia? Mimi ni mzima, isipokuwa meno. Yamebaki manne na hayakutani.

Hadiya, wewe unayemsomea mama yako barua hii, mjomba wako anakuomba usome yote. Ukifika mahali pa aibu usiruke. Aibu ni yangu, kazi yako ni kusoma tu.

Umeona mwandiko? Mwambie mama yako herufi zinaegemeana kama walevi wanaotoka kilabuni. Jeruto, ni mkono wangu huo. Si wa yule karani wa sokoni Nakuru aliyekuwa akinipamba kwa maneno ya Biblia hata ukadhani nimeokoka. Sijaokoka. Nimerudi shule tu.

Kila Jumamosi mchana, kazi ya kukamua ikiisha, sisi wazee tunakaa kwenye mabenchi ya kanisa, magoti yakigusa kidevu, na kijana mmoja anayeitwa Mwalimu Jonah anatufundisha kuandika. Wewe unakumbuka niliacha shule darasa la pili, nikamwambia baba kwamba mwalimu alinichukia. Uongo. Yule mwalimu hakujua hata jina langu, maana nilikuwa sifiki.

Nyumba imenyamaza tangu mke wangu Chepkemboi alipofariki. Mwaka wa pili huu, na bado nasonga ugali wa watu wawili. Kesho yake nakula kiporo, nasonga tena wa wawili. Upepo ukigonga mlango nasema karibu. Watoto wako Kericho na Mombasa, wanaandika Krismasi. Wa kuzungumza naye amebaki ng'ombe, naye akichoka na hadithi zangu ananigeuzia mkia.

Ndiyo, ng'ombe. Yuko hai, Jeruto. Amesimama hapa nje ananitazama nikiandika. Ni yule yule aliyekufa mwaka wa hamsini na moja nisipate kuja Jinja, akafa tena hamsini na nne, akafa mwaka jana kwa homa. Ulipomwambia Hadiya aniandikie, "Kaka, mpe pole ng'ombe wako, amezoea kufa," nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu sikucheka tena siku nzima. Nilijua umejua.

Na Hali ya Hatari nayo. Nilikuandikia siwezi kusafiri bila kibali. Hiyo ilikuwa kweli kwa miezi minne. Mimi niliitumia miaka minne.

Sasa sikiliza lililonipata darasani. Siku moja nilichelewa, Mwalimu Jonah akasema kila aliyechelewa aandike sababu, mistari mitano. Mimi hapo ni fundi! Nikaandika: nimechelewa shauri ya mvua. Shauri ya ng'ombe. Shauri ya mguu. Shauri ya mnyapara. Shauri ya Mungu. Kijana akachukua karatasi, akatazama jua lililokuwa likiwaka dirishani, akanitazama mimi.

"Mzee Kipkoech," akasema, "hapa kwenye karatasi wamejaa watu wengi. Wewe uko mstari wa ngapi?"

Wazee wakapiga makofi mabenchini. Mathenge, ambaye huandika jina lake likitazama nyuma, alicheka mpaka akadondosha kalamu. Mimi nikasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyeandika, nitakuwaje ndani tena?" Nikacheka nao. Lakini nilikwenda nyumbani na ile karatasi, nikaisoma mara nyingi nikijitafuta. Mvua nikaiona. Ng'ombe nikamwona. Hata Mungu yumo, maskini, amebebeshwa mzigo wa mtu aliyelala mchana mpaka saa tisa. Mimi simo.

Hadiya, hapa soma polepole.

Jeruto, mama alipofariki mwaka wa arobaini na tisa, simu ya maandishi ilikufikia siku ya tano. Ulifika tumekwisha kuzika, ukakuta udongo umeanza kukauka. Ukaniuliza, "Kaka, mbona nimeambiwa sasa?" Nikakujibu, shauri ya posta. Umewalaani watu wa posta miaka tisa.

Watu wa posta hawana kosa. Nilifika dirishani kwao asubuhi ile ile ya msiba, nimevaa koti langu la jeshi na kofia, bwana mkubwa kabisa. Karani akanipa fomu. "Andika hapa jina la unayempelekea." Darasa la pili lile lote likanikimbia. Nikashika kalamu, mkono ukakataa, na nyuma yangu watu wamepanga mstari. Karani akasema kwa upole, "Nikuandikie, mzee?"

Nikasema hapana, naandika mwenyewe, ila nimesahau miwani nyumbani.

"Haya, kalete," akasema.

Mimi sijapata kuwa na miwani maishani mwangu. Nikatoka pale nikaenda kuleta miwani isiyokuwapo. Nilikaa mjini siku mbili kwa rafiki, nikinywa na kulia, nikijiambia kesho, kesho. Siku ya tatu ndipo nilimshika mtu mkono, akaandika, ikaenda. Neno moja tu nilihitaji kumwambia yule karani. Niandikie. Lilinishinda, na kwa ajili yake hukumwaga udongo juu ya mama yako.

Ndiyo maana ng'ombe alikuwa akifa. Niliogopa kukaa mbele yako ukaniuliza tena habari ya simu ile, nikakutazama usoni nikasema posta.

Barua yako ya mwezi wa sita ilisema jicho moja limekwisha na la pili linaona ukungu, nije unione kabla halijafunga. Nimeiweka mfukoni miezi mitatu. Nilidanganya habari ya macho nikakukosesha mazishi ya mama, na sasa wewe macho yanakuacha kweli. Nikingoja mvua iishe utabaki kunisikia sauti tu, na sauti yenyewe unajua haina faida.

Kwa hiyo nimekata tiketi. Iko ndani ya Biblia, mahali ambapo nyumbani kwangu hapaguswi. Napanda lori la maziwa mpaka Nakuru Ijumaa tarehe kumi na tisa, halafu treni ya Uganda, daraja la tatu, kupitia Eldoret na Tororo, nikufikie Jumamosi. Ng'ombe namwachia Zeddy, jirani yangu mjane. Anamkamua vizuri kuliko mimi, na akifa safari hii atakufa mikononi mwa mtu mwaminifu.

Nakuletea kibuyu cha maziwa yetu ya mgando, mursik, kilichosuguliwa vizuri kwa mkaa kama alivyokuwa akisugua mama. Ukitaka kunitukana, nitukane pale pale stesheni, abiria wote wasikie. Usingoje tufike nyumbani, maana huko Dualeh atanitetea.

Huko wanakuita Kuluthum, najua. Mimi nitaita Jeruto, kwa nguvu, tangu mlangoni mwa behewa. Na kama ukungu umezidi usinitambue, nishike pua. Ni ile ile uliyokuwa ukiicheka.

Nisalimie shemeji Dualeh, na Hadiya aliyevumilia mwandiko huu, na mtoto wake mdogo ambaye sijamjua jina. Zeddy anakusalimu, na Mathenge pia, ingawa hakujui. Mungu akulindie hilo jicho mpaka Jumamosi hiyo. Baada ya hapo tutaongea naye wawili.

Treni ikifika, nami nisishuke, usiulize mvua. Usiulize ng'ombe, wala watu wa reli. Shauri yangu.

Ni mimi kaka yako akupendaye, kwa mkono wake mwenyewe,

Kipkoech