Kanzu ya Saa Kumi na Moja

Jumapili, 3 Machi

Nimewafundisha kina mama somo la vibarua wa shamba la mizabibu. Walioanza alfajiri na walioingia saa kumi na moja jioni — ujira uleule. Neema haina saa, nikasema. Wakaitikia amina.

Baada ya ibada mchungaji akaniita pembeni. Kuna mgonjwa anataka kubatizwa kabla hajafa, anahitaji kanzu nyeupe. Zote za kanisa nashona mimi. Nikauliza nikampime wapi. Akakohoa, akasema mgonjwa ni baba yangu.

Jumatatu, 4 Machi

Miaka ishirini na mbili! Alituacha, mama akiwa kitandani. Mama alikufa akiniuliza kama kuna mtu amepiga hodi. Nilimwogesha mimi, nikamzika mimi. Leo huyu aingie mbinguni kwa mlango uleule alioingia mama? Nina hasira.

Kitambaa sijakigusa.

Jumatano, 6 Machi

Mchungaji kapita dukani. Nikamwambia mashine ni mbovu — na mguu uko kwenye pedali, nashona suruali ya mtu! Akaitazama suruali, akaaga. Ndiye mimi huyo, mwalimu wa kina mama.

Jioni nikaona aibu, nikakata kitambaa cha kanzu. Kumpima sikwenda. Ya nini? Namjua. Mabega mapana, kichwa kinagusa fremu ya mlango. Mikono mirefu, ile iliyokuwa ikinirusha juu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeipeleka. Kalazwa chumba cha uani kwa shangazi, dada yake. Nilidhani nimekosea nyumba. Kitandani kuna kizee kidogo, mifupa mitupu.

Tukamvika. Kanzu ikammeza. Shingo ikateleza hadi begani, mikono ikapita vidole. Mimi! Ninayeitwa Pima Kwanza mtaa mzima, kwa kukataa vipimo vya mdomo!

Akaiangalia ile mikono ya kanzu kwa muda.

"Umemshonea yule aliyeondoka," akasema. "Nipime mimi, mwanangu."

Nikalia. Sikutaka, ila nililia. Nikatoa futi, nikampima, nikabana pini huku na huku. Nilingoja aniombe msamaha. Hakuomba. Labda alidhani ameshaomba. Pini zilikuwa mdomoni, nisingeweza kumjibu.

Jumamosi, 9 Machi

Ubatizo ni leo, saa kumi na moja. Pumzi zimekuwa fupi. Shangazi katuma ujumbe: mgonjwa anauliza kama nitakuja kumvika mwenyewe.

Wale vibarua wa alfajiri hawakupunjwa hata kidogo. Kilichowauma ni kuangalia mkono wa mwenzao. Somo hili nimelifundisha mara sita, na sijawahi kujiuliza kama jioni ile walirudi nyumbani njia moja na wale wa saa kumi na moja.

Saa kumi na robo. Limebaki pindo, na mimi naandika. Mchungaji yupo mlangoni na baiskeli. Anasema nisijisumbue, anaweza kuipeleka yeye. Nimemwambia asubiri kidogo. Hajauliza anasubiri kanzu au ananisubiri mimi.