Mchanga wa Kaburi la Kache

Bofu, Likoni
12 Machi 1944

Kwa mdogo wangu Thoya wa Ruwa, Kaloleni,

Pokea salamu zangu mimi kaka yako Garama. Je, mwajionaje huko? Kifua chako kimetulia? Na mihogo mmeiwahi, ama nguruwe wamewatangulia? Mimi ni mzima. Miguu yasumbua, lakini bado nateremka kwenye feri bila kushikwa mkono, na wa rika langu hapa hawawezi. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Karani wa sokoni nimemkataa, na utaona kwa nini.

Mwanao Jefwa alifika kwangu juma lililopita, amevaa nguo za askari wa keya, jeshi la Mwingereza, viatu vyalia. Ruhusa yake ilikuwa siku moja tu. Saa kumi na moja jioni awe kambini, kesho yake meli yawachukua kwenda vitani, wasema ni Burma. Akaniambia ana haja moja: nimpeleke kwenye kaburi la mamake, marehemu mkeo Kache, amwage maji, amuage, kisha achukue mchanga kidogo niulete kwenu uzikwe nyumbani, marehemu asiendelee kulala ugenini.

Nikamwambia asiwe na haraka. Mtu kufika Mombasa akaondoka bila kuiona ni sawa na gunia lililopita bandarini. Na nani aijuaye Mombasa kunishinda mimi, niliyebeba mizigo yake miaka thelathini? Tukavuka. Nikamfikisha Ngome, nikamweleza Wareno walivyozingirwa mle hadi wakaisha. Nikataka tuingie ndani, ingawa siku hizi ni gereza. Askari wa mlangoni akanijibu kwamba mzee, mlango huu hauingiwi hivihivi, nikaibe kuku kwanza. Jefwa akacheka sana. Nikampitisha vichochoro vya Mji wa Kale, nyumba kwa nyumba, nikimwonyesha milango ya nakshi, na mmoja nikamwambia niliubeba mimi peke yangu. Tukanywa kahawa. Tukaenda hadi Mbaraki kuutazama mnara. Kila mara aliuliza, baba mkubwa, na kaburi je? Nami nikasema bado kimoja cha kuona. Mwisho akasema aona vita vitakwisha kabla mimi sijaimaliza Mombasa. Lakini safari hii hakucheka. Ilikuwa saa tisa.

Basi tukaenda makaburini. Nikatangulia kama mtu aingiaye shambani mwake, nikasimama penye tuta moja karibu na ukuta, nikasema ni hapa. Akavua kofia, akapiga magoti, akamwaga maji. Akamwita mamake kwa jina, akamwambia aenda mbali na hajui kama atarudi, amwangalie. Alilia, Thoya. Kisha akafunga mchanga kwenye leso, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Sasa nisikilize. Mwaka ule Kache alipofia hospitali ya huku Mombasa, nilikuapia kwamba nilimzika kwa mikono yangu. Ukoo mzima ukanisifu, mkanichinjia mbuzi. Wallahi ilikuwa uongo. Habari ilinikuta nimelewa tembo, na nilipofika, siku ya tatu, walikwisha kumzika pamoja na wengine wasio na mtu. Sikuuliza hata ni wapi. Niliona haya. Tuta nililomwonyesha mwanao silijui la nani. Siku nzima nilimzungusha mjini nikitumaini saa zitamwishia.

Juzi nilirudi kule nikaumwaga ule mchanga palepale ulipotoka. Kwa hiyo usiungoje. Mchimba makaburi asema wa mwaka ule walilazwa upande wa chini, safu mbili, majina hakuna. Nimeanza kupafyeka mwenyewe. Njoo unilaani ningali hai, ni haki yako. Lakini Jefwa usimwandikie neno. Kama maji yale yalimfikia Kache ama mwenzake asiye na jina, mimi sijui. Nijualo ni kwamba mwanao alipoinuka pale alitembea kama mtu aliyepewa ruhusa na mamake.

Nisalimie mkeo Kanze na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake.

Ni mimi kaka yako,
Garama wa Ruwa