Barua Niliyoitundika Mkabala na Dirisha

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimesoma neno "bustani" bila kusimama katikati! Mjukuu wangu, tunayemwita Miwani kwa sababu bila miwani haoni herufi, ndiye mwalimu wangu tangu mwaka juzi. Kacheka, kanitania: "Mke mwenzangu, umekuwa msomi." Nikamwambia sasa nitasoma barua ya mama yake. Ya mwisho aliyoniandikia mwanangu huyo kabla hajafariki. Ipo kwenye fremu ukutani, mkabala na dirisha — nilimpa mahali penye jua kuliko pote. Hakupenda giza.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeishusha. Wino umepauka kama maji ya kusuuzia kikombe. Juu naona "Mama mpendwa". Chini, hamna kitu. Nimekaa nayo magotini mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani anatunza karatasi za zamani pale makumbusho. Kaitazama kwa karibu. Halafu kanieleza: mwanga unakula wino kidogo kidogo, kila siku, na kilicholiwa hakirudi. Kule kazini kwake mapazia hayafunguliwi. Basi miaka ishirini na mbili nimemwanika mwanangu kama godoro! Nikamfokea — mbona hukuniambia? "Bibi, niliizoea pale ukutani. Sikuwa naiona tena." Tumelia kidogo, kila mtu na leso yake. Kisha nikampakulia, ale. Amekonda huyu.

Jumanne, 11 Machi
Miwani kaifungua fremu. Mstari wa mwisho ulikuwa umejificha chini ya ukingo — mweusi tii! Nimeusoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno: "Hayo ya mwisho usisomewe na mtu, mama. Jifunze, usome mwenyewe."
Kumbe! Jirani yetu karani, aliyenisomea siku ile, alipofika kwenye hayo ya mwisho alikohoa, akasema: anakusalimu sana. Mbea yule, Mungu amrehemu — siku hiyo aliufunga mdomo.

Jumatano, 12 Machi
Niko kazini kwa Miwani. Mapazia yamefungwa. Kuna taa ya kuamsha wino uliofifia. Huenda isioneshe kitu. Na yenyewe ni mwanga, inakula — itawashwa mara moja tu. Miwani atapiga picha, nikasome nyumbani taratibu.
Nimemwambia: piga, ila ufumbe macho.
"Nitapigaje nimefumba, bibi?"
Basi vua miwani.
Kavua. Kaniwekea mkononi, ina joto bado. Kidole chake kipo kwenye swichi. Ananingoja nimalize kuandika.