Halbadiri ya Bi Shemsa

Faiza, upo? Nimetoka nje, nakuandikia hapa kwenye ngazi.

Si unajua leo Bi Shemsa kaita watu kwake Michenzani wasome halbadiri ya kuwaapiza waliotega bomu Nairobi, lile lililomuua binti yake Zuwena. Tangu maziko hajalia. Anasema machozi atayatoa siku akisikia wamekufa, na wafe vibaya.

Basi ubani ushafukizwa, mashekhe washakaa, mara shemeji yake Muhiddin akasimama. "Shemsa, tuache. Tumwachie Mungu."

"Huko kwa Mungu ndiko tunakopeleka."

Muhiddin akasema, "Halbadiri haichagui. Humpata kila aliyetia mkono, hata akiwa damu yetu."

Hata akiwa damu yetu, Faiza. Kasema hivyo hivyo, mbele ya watu.

Kila mtu kamkumbuka Ubwa, mwanawe Muhiddin, aliyeaga kuwa anakwenda Mombasa kutafuta kazi, na mwaka wa pili huu hata simu hapigi. Ubwa yule yule aliyelelewa na Bi Shemsa, kanyonya ziwa moja na Zuwena.

Nlimuona Bi Shemsa alivyoelewa. Uso ulimshuka, akashika ukingo wa mkeka, nkadhani ataanguka. Mashekhe wakaanza kufunga vitabu.

Yeye akakivuta chetezo karibu, akajitanda kanga yake vizuri, akasema taratibu, "Nani kakwambieni mfunge? Someni. Na jina lake mlitaje."