Kitufe cha Ghorofa ya Tisa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Nasikia shangazi bado anakuficha chumvi na wewe bado unaipata; mwachie ashinde angalau siku moja. Mimi ni mzima, ila macho yananiuma kwa kusahihisha kurasa.

Ndiyo baba, kitabu kimekubaliwa! Ni zile hadithi zangu unazoziita mambo ya ajabu ajabu: mji ambao vivuli vimegoma kufuata watu, mwanamke anayepigiwa simu kutoka kesho, na ile ya lifti inayowapeleka watu kwa ndugu zao waliokufa. Mhariri wangu, mama mmoja mkali mwenye huruma, ameagiza kwamba mwishoni nieleze kila hadithi niliitoa wapi. Anasema wasomaji wa mambo yasiyowezekana hupenda kujua yalianzia kwenye jambo gani la kweli.

Nikaona kazi rahisi. Ya vivuli nilisema ilinijia kwenye foleni ya kliniki, mchana wa jua kali, watu kumi tumejibana nyuma ya nguzo moja. Ya simu nikasema ilitokana na saa ya jirani inayokwenda mbele. Hiyo ya pili ni uongo mtupu, lakini inapendeza. Kufika ya lifti, mkono ukagoma. Siku tatu naandika sentensi moja na kuifuta, mpaka mhariri akapiga simu kuuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba kuna mtu lazima aambiwe kwanza.

Unaukumbuka mwaka aliofariki mama. Ulikuwa fundi wa lifti katika lile jengo la ghorofa nane, nami nikitoka shule nakaa kwenye chumba cha mitambo nakupangia bisibisi kwa ukubwa. Kila siku nilikuuliza mama yuko wapi. Siku moja ukaniambia amehamia ghorofa ya tisa, na kwamba lifti yetu bado haijui kufika huko. Nilikuwa na miaka sita. Nilikuamini moja kwa moja.

Baba, ni mimi niliyefungua kile kibao cha vitufe ndani ya lifti. Ulikuwa umekwenda kunywa chai. Nilichukua bisibisi ndogo nikatafuta kitufe cha tisa, nikidhani mmekificha nyuma. Nikavuta waya, nikaogopa, nikarudisha kibao na kukimbia. Saa moja baadaye mwenye jengo akakwama humo mpaka jioni. Uliapa kwamba asubuhi ulikagua kila kitu, na hakuna aliyekusikiliza. Walikufukuza kwa uzembe nami nimesimama nyuma yako, kimya. Tangu hapo umechomelea mageti juani, na mafundi wenzako wakakubandika jina la Mzee Kwama. Ukacheka nao. Mimi sijawahi kucheka.

Sasa nimeandika ukurasa unaosema kwamba fundi hakukosea. Hautachapwa mpaka uniruhusu, na ukinikatalia nitaelewa. Nisamehe, baba.

Msalimie sana shangazi, na wote wanaoniulizia. Huenda utataka kujua kwa nini nilinyamaza miaka yote hii. Mwanzoni sikuogopa kiboko. Niliogopa kwamba ukikasirika utaniambia hakuna ghorofa ya tisa.

Ni mimi,
kitindamimba wako